Sauti ilifika, kanisa likabaki: Waingereza na muziki wa Wamarekani

Swali: "Shikamoo mwalimu. Hapa Tanga tuna kikundi cha kusikiliza muziki wa zamani kila Jumamosi jioni, na kwa wiki mbili sasa tunabishana. Mwenzetu mmoja anasema Waingereza hawana muziki wao, waliuchukua wa Wamarekani Weusi wakaupaka poda. Mwingine anasema waliuchukua ukiwa mbichi, wakaupika. Mimi nikisikiliza wimbo uleule umepigwa na pande zote mbili, nasikia tofauti lakini siwezi kuitaja. Ni kitu gani hicho?"

Marahaba, mwanangu. Wenzako wote wawili nitawarudia, lakini wewe ndiye uliyeanza na sikio, kwa hiyo nitaanza na wewe.

Jumamosi hii wekeni wimbo mmoja tu, "Little Red Rooster". Uliotunga ni mkono wa Willie Dixon, na Howlin' Wolf aliurekodi Chicago mwaka 1961. The Rolling Stones waliupiga kopi mwaka 1964, na Desemba ya mwaka huo ukashika namba moja Uingereza. Gitaa linateleza kwa namna ileile na jogoo ni yuleyule. Lakini msikilize Wolf. Alikuwa na miaka 51. Alizaliwa Mississippi mwaka 1910, akalima, akapiga gitaa kwenye vilabu vya mashambani, akahamia Chicago akiwa ameshavuka 40. Akifungua kinywa hujui kama anatania au anatisha, na hana haraka ya kukwambia. Kisha msikilize Mick Jagger, kijana wa miaka 21, mtoto wa mwalimu kutoka Dartford, karibu na London. Hajaribu kushindana na sauti ya Wolf. Ameishusha yake, anaimba kwa uangalifu, kama mtu aliyebeba chungu cha kuazima. Bendi nayo ni kimya kuliko ile ya Chicago, kila chombo kinangoja zamu yake. Wolf yumo ndani ya wimbo. Jagger anautazama kutoka mlangoni, kwa mapenzi makubwa.

Kile unachokisikia bila kukitaja ni umbali huo. Na umbali huo una chanzo kinachojulikana: Waingereza waliupata muziki huu kwa santuri.

Kuanzia mwaka 1935 hadi katikati ya miaka ya 1950, bendi za Marekani zilibanwa sana kuingia Uingereza, kwa sababu chama cha wanamuziki cha huko kililinda ajira za wanachama wake na serikali ikawa inakataa vibali. Redioni ilikuwepo BBC peke yake, nayo ilifungwa na makubaliano yaliyopunguza saa za kupiga santuri hewani, hivyo muda mwingi walipiga wanamuziki wa studio. Kijana aliyetaka vitu vya Marekani alisubiri usiku, akatafuta Radio Luxembourg kwenye mawimbi ya kati, sauti ikija na kupotea. Nadhani wasomaji wa umri wangu wanaijua hali hiyo vizuri. Mimi mwenyewe nilijifunza gitaa la solo kwa redio ya usiku, wimbo ukiisha kabla sijaushika vidoleni, nikikaa wiki nzima kungoja urudiwe.

Njia nyingine ilikuwa mabaharia, na hapo wewe mtoto wa bandarini utaelewa haraka. Liverpool ilitazamana na New York kama Tanga inavyotazamana na Pemba: meli zinakwenda, meli zinarudi, na kila anayerudi ana kitu mkononi. George Harrison wa The Beatles alinunua gitaa lake la kwanza la Kimarekani, Gretsch, kwa baharia mwaka 1961. Njia ya tatu ilikuwa posta. Jagger aliagiza santuri za kampuni ya Chess moja kwa moja kutoka Chicago. Oktoba 1961 alikuwa stesheni ya Dartford akiwa na santuri za Chuck Berry na Muddy Waters, wanamuziki Weusi wa Marekani, kwapani, na kijana mmoja aliyesoma naye shule ya msingi akaziona. Kijana huyo ni Keith Richards. Bendi yao ikaanzia kwenye mazungumzo hayo, na jina la bendi wakalitoa kwenye wimbo wa Muddy Waters.

Kabla yao kulikuwa na skifo, muziki wa vijana wa vyombo vya kuokoteza, na sitaki uiruke. Mwaka 1954 Lonnie Donegan alirekodi "Rock Island Line", wimbo wa wafungwa wa Arkansas ambao Lead Belly ndiye aliyeusambaza. Ulipotolewa peke yake kwenye santuri, ukavuma mwaka 1956 nchi nzima. Vyombo vilikuwa gitaa la bei rahisi, ubao wa kufulia nguo wa kukwaruza kwa vidole, na besi ya sanduku la chai lenye ufito na kamba. Kila mtaa ukapata bendi. Kule Liverpool moja iliitwa The Quarrymen, ya John Lennon, na Julai 1957 alikutana na Paul McCartney kwenye sherehe ya kanisa ambako bendi hiyo ilikuwa inapiga. Vijana wasiojua Arkansas iko upande gani wa ramani walikuwa wanaimba wimbo wa wafungwa wake kwa furaha tele.

Sasa fikiria santuri inabeba nini. Inabeba noti, mdundo, mkwaruzo wa koo. Haibebi kanisa ambako mwimbaji alijifunza kuitikiwa. Haibebi ukumbi ambao watu wanajua ni wapi pa kupiga kelele. Haibebi woga wa mtu mweusi anayetembea peke yake usiku Mississippi. Waingereza walizihifadhi nyimbo hizi kama mtu anayehifadhi shairi la lugha asiyoisema: hakosi silabi, lakini mahali pa kuvuta pumzi anapabuni mwenyewe. Na pale alipobuni ndipo kilipozaliwa kitu chake.

Mfano wa karibu nasi upo. Kuanzia mwaka 1933 kampuni ya HMV, ya Waingereza haohao, iliuza Afrika santuri za Kikuba zilizojulikana kwa herufi GV. Wapigaji wa Léopoldville, Kinshasa ya leo, walizikopi mpaka maneno ya Kihispania wasiyoyaelewa, na baada ya muda ikatoka rumba ambayo Mkuba hawezi kuidai yote. Kwetu bendi zikajiita Jazz, Morogoro Jazz na Tabora Jazz, na muziki wenyewe haukuwa jazi. Kwa hiyo mwenzako anayesema "poda" mwambie kopi ni shule. La kuuliza ni mwanafunzi alikwenda wapi baada ya shule, na kama ada ililipwa. Ada nitaifikia.

Kuna tukio moja ninalopenda kuwasimulia wanafunzi wangu, kwa sababu umbali ule unaonekana kwa macho kabisa. Mwezi Mei 1964 televisheni ya Granada iliwaalika wanamuziki wa bluzi wa Marekani wapige Manchester. Badala ya ukumbi walichukua stesheni ya reli iliyokuwa imefungwa, Wilbraham Road, wakaipamba ifanane na stesheni ya Kusini mwa Marekani kama walivyoiwaza wao: marobota, makreti, kiti cha kubembea, hata wanyama wa kufugwa. Wasikilizaji, vijana wa Kiingereza, walikaa jukwaa la upande mmoja wa reli. Wanamuziki walikuwa jukwaa la upande wa pili. Mvua ilinyesha. Dada Rosetta Tharpe, mwimbaji wa injili aliyezaliwa Cotton Plant, Arkansas, akaletwa kwa gari la farasi, akashuka na koti lake zuri, akavaa gitaa jeupe la umeme, na kwa kuwa mvua ilikuwa inanyesha akaimba "Didn't It Rain". Tazameni picha zake. Mama huyu alikuwa akipiga gitaa la umeme kanisani na kwenye vilabu wakati Elvis Presley bado mtoto, naye amewekwa kwenye Kusini ya maigizo, kwenye mvua ya Manchester. Haonekani kujali hata kidogo. Anapiga solo kana kwamba anawakaripia, na wale vijana upande wa pili wanapiga makofi, wengine wakikosea mahali pa kuyapiga. Reli iko katikati.

Muddy Waters alikutana na umbali huohuo kwa njia nyingine. Alipokwenda Uingereza mara ya kwanza, mwaka 1958, alibeba gitaa la umeme na kulipiga kama alivyolipiga Chicago. Baadhi ya wasikilizaji walishtuka, maana bluzi waliyoijua wao ilikuwa ya mkulima mmoja na gitaa kavu. Aliporudi mwaka 1963 akaja na gitaa kavu ili awaridhishe, akakuta vijana wameshabadilika, wanataka umeme. Waingereza walikuwa na picha ya bluzi vichwani mwao na mwenye bluzi akawa anaikimbiza.

Basi walikwenda wapi baada ya shule?

Chukua The Beatles. Albamu yao ya kwanza, ya mwaka 1963, ina nyimbo 14, sita za kopi, na tatu kati ya hizo sita zilikuwa zimeimbwa na makundi ya wasichana Weusi wa Marekani, The Shirelles na The Cookies. Watu husema Elvis, husema Chuck Berry, nao ni kweli walikuwa walimu wao, lakini sauti zile tatu zinazoitikiana zilitoka kwa wasichana. Wanaume wanne wakachukua namna wasichana wanavyojibizana kuhusu mapenzi, wakaitia magitaa, na kwa masikio yangu ndiyo siri ya uchangamfu wao wa mwanzo. Kufika Julai 1964, albamu yao ya tatu ilikuwa na nyimbo 13 na zote zilitungwa na Lennon na McCartney. Berry na Buddy Holly walikuwa wameshaonyesha kwamba mwimbaji anaweza kutunga mwenyewe. Beatles wakaifanya iwe ndiyo kawaida, kwamba bendi isiyotunga haijakamilika. Februari 9, 1964 walipotokea kwenye televisheni ya Marekani, watazamaji walikadiriwa kuwa milioni 73, na wengi walikuwa wanauziwa mahindi ya shambani kwao wenyewe, yamechomwa kwingine.

Njia nyingine ilikuwa ya ukubwa wa sauti. Robert Johnson alirekodi wimbo wake wa njia panda San Antonio mwaka 1936, mtu mmoja, gitaa moja. Eric Clapton na wenzake wawili wa Cream waliupiga jukwaani San Francisco mwaka 1968 kwa amplifaya za Marshall, chapa iliyozaliwa kwenye duka la vyombo vya muziki London. Kwa Johnson, gitaa linaisindikiza sauti ya mtu. Kwa Cream, sauti ya mtu inalifungulia gitaa mlango kisha inasimama pembeni. Nitasema ninavyoona: hapo Waingereza walipata solo ndefu, yenye ufundi wa kweli, na walipoteza dansi. Muziki wa kuchezwa ukawa muziki wa kukaa na kutazama. Birmingham ukaenda mbali zaidi. Tony Iommi, mpiga gitaa wa bendi ya Black Sabbath, alikatwa ncha za vidole viwili kiwandani akiwa na miaka 17, akalazimika kutumia nyuzi laini, baadaye akazilegeza, na gitaa likawa zito na la chini. Ukisikiliza zile nyimbo za mwanzoni mwa miaka ya 1970, bluzi bado imo, lakini inayosikika zaidi ni mitambo ya kufua chuma. Hapo hakuna tena mtu anayejifanya Mmarekani.

Na mfano ninaoupenda kuliko yote ni The Kinks, bendi ya London ya Ray Davies. Mwaka 1965, baada ya ugomvi kwenye ziara yao, chama cha wanamuziki cha Marekani kiliwanyima vibali, na hawakurudi kupiga huko mpaka mwaka 1969. Soko kubwa lilifungwa. Ray Davies akageukia nyumbani. Mwaka 1967 akaandika "Waterloo Sunset", mtu dirishani anatazama mto Thames, stesheni, na wapenzi wawili wanaokutana Ijumaa. Ameimba kwa matamshi ya London bila kuyaficha. Mwingereza mmoja alinyimwa Marekani, akaanza kusikia mtaa wake.

Sasa ada. Hapa mwenzako wa "poda" ana hoja nzito, na usimpuuze. Mwaka 1969 Led Zeppelin, bendi ya Kiingereza, walitoa "Whole Lotta Love" bila kumtaja Willie Dixon, huku maneno yake yakiwa karibu sana na wimbo wa Dixon alioimba Muddy Waters mwaka 1962. Dixon alishtaki mwaka 1985, wakapatana nje ya mahakama mwaka 1987, na leo jina lake limo kwenye orodha ya watunzi. Miaka kumi na minane ya mirabaha kwa wimbo uliopigwa dunia nzima si jambo la kusamehewa kwa kusema "ndivyo muziki ulivyo". Kukopi mtindo ni kujifunza. Kuchukua beti za mtu na kuzisajili kwa jina lako ni kumnyang'anya, na aliyenyang'anywa alikuwa mtu ambaye kwao alikuwa ameshanyang'anywa mengi.

Wapo pia waliolipa heshima hadharani. Mwaka 1965 Rolling Stones walipoalikwa kwenye kipindi cha televisheni cha Shindig!, walitaka Howlin' Wolf awepo, na Wolf akaimba jukwaani, wao wamekaa miguuni pake. Vijana wengi Weupe wa Marekani walimwona kwa mara ya kwanza siku hiyo, mtu aliyekuwa anaishi Chicago yao, wakionyeshwa na wageni. Na mwaka mmoja kabla, Juni 1964, Stones walikwenda kurekodi kwenye studio za Chess zenyewe, namba 2120 South Michigan Avenue. Jengo hilo leo lina taasisi ya Blues Heaven aliyoianzisha Dixon.

Mabishano yenu yana kosa moja. Mmeweka pande mbili, na zipo tatu. Wimbo "My Boy Lollipop" ulirekodiwa New York mwaka 1956 na msichana Barbie Gaye. Vijana wa Jamaika walikuwa wanategea redio za Kusini mwa Marekani, wakazirudisha nyimbo zile na mkazo umehamia kwenye pigo la nyuma, ikazaliwa ska. Mwaka 1964 Millie Small, binti wa Jamaika aliyeletwa London na Chris Blackwell, mwenye kampuni ya santuri, akauimba upya, ukafika namba mbili Uingereza na namba mbili Marekani. Tangu meli ya Windrush, iliyoleta wahamiaji kutoka Karibiani, itie nanga mwaka 1948, muziki wa Uingereza hauelezeki bila Wakaribi. Ska ya Coventry ya mwaka 1979 ni wao na Weupe pamoja. Na Dizzee Rascal alipotwaa Mercury, tuzo ya albamu bora ya Uingereza, mwaka 2003, akichana kwa lafudhi ya mtaani kwake mashariki mwa London, mizizi yake ilikuwa kwenye spika kubwa za Wajamaika kuliko kwenye hip hop ya New York.

Na yale ya santuri yalijirudia. Januari 1987 wimbo wa "hausi", muziki wa dansi wa mitambo, kutoka Chicago, "Jack Your Body" wa Steve "Silk" Hurley, ulishika namba moja Uingereza wakati kwao Marekani ulikuwa muziki wa vilabu tu. Vijana Weusi wa Detroit waliotengeneza tekno nao walipata masikio Ulaya kabla ya nyumbani.

Namalizia na kazi ya kikundi chenu, na ni kwa ajili ya mwenzenu mmoja wa pwani hii. Farrokh Bulsara alizaliwa Mji Mkongwe, Unguja, Septemba 5, 1946. Alisoma shule ya bweni India, na huko akapiga piano kwenye bendi ya shule iliyokopi nyimbo za Kimarekani. Mwaka 1964 familia ikahamia Uingereza. Dunia inamjua kama Freddie Mercury. Hakukulia kanisani, wazazi wake walikuwa Waparsi, lakini aliyempenda sana kwa kuimba alikuwa Aretha Franklin, binti wa mchungaji wa Detroit.

Wekeni kwanza albamu ya injili aliyoirekodi Aretha Los Angeles, Januari 1972, ndani ya kanisa la Kibaptisti, na kwaya nyuma yake na waumini mbele yake. Sikilizeni waumini: wanaingia kabla hajamaliza mstari, kwa sababu wanajua unakokwenda. Usiku wa pili Mick Jagger alikuwa amekaa huko nyuma, miongoni mwao. Kisha wekeni "Somebody to Love" ya Queen, bendi ya Mercury, ya mwaka 1976. Mtasikia kwaya nzima ya injili. Ni watu watatu, Mercury, Brian May na Roger Taylor, wameimba, wakarudia, wakarudia, sauti juu ya sauti kwenye utepe, mpaka kanisa ambalo santuri haikuweza kulibeba likasimama ndani ya studio. Ongezeni sauti mfike pale katikati, vyombo vinaponyamaza na kwaya inabaki peke yake ikirudia mstari mmoja, ikianza chini na kupanda. Kisha niandikieni mmesikia pumzi inavutwa wapi.